Deizi ya Shasta Bustanini: Mwongozo Kamili kwa Ambao Miche Yao Hufa Kila Masika

Swali ninaloletewa kuliko yote kuhusu ua hili huja kwa sura ileile. Mtu amenunua miche mizuri kitaluni, ameipanda kwa uangalifu, ikachanua na kupendezesha uwanja mzima. Mvua kubwa zikaanza. Majani ya chini yakageuka njano, kisha meusi, kichaka kikalala chini, na alipokishika kukivuta kikamfuata mkononi bila mzizi hata mmoja ulio mzima. Anauliza: ni mdudu gani huyu, nipulizie dawa gani?

Mara nyingi hakuna mdudu. Mche umeoza shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, kwa sababu ulifukiwa kina kirefu mno, katika udongo unaotuamisha maji. Shingo ikishaoza hakuna dawa ya kupulizia itakayoirudisha. Kinga yote iko siku ya kuandaa udongo na siku ya kupanda, kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua hizo mbili na kupita haraka kwenye nyingine.

## Kabla ya kununua chochote: je, kwako kunafaa?

Deizi ya Shasta ni ua la kudumu, yaani kichaka kimoja huishi miaka kadhaa. Linapenda jua la kutosha mchana na ubaridi usiku. Kwa Afrika Mashariki na jirani zake, makao yake ni nyanda za juu: Limuru, Nyeri, Kinangop, Lushoto, Njombe, Mufindi, Kabale, Bukavu. Kipimo ninachokiamini ni mazao ya majirani. Panapostawi viazi mviringo, kabichi na pareto, deizi nayo itakaa.

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ushauri wangu ni kwamba usihangaike nayo. Joto la usiku halishuki vya kutosha, hewa ina unyevu mwingi, na mmea huu huoza kabla haujakupa maua ya maana. Fedha hiyo nunulia mbegu za zinia. Zinalipenda joto na zitakuchanulia vizuri. Maeneo ya katikati, tuseme kati ya mita 1,000 na 1,400 kutoka usawa wa bahari, unaweza kuijaribu kama ua la msimu, ukijua kwamba huenda lisimalize miaka miwili.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mbegu hawalisemi. Kwa asili deizi hii huchochewa kuchanua na siku ndefu za kiangazi cha nchi za kaskazini, na baadhi ya aina huhitaji zipitie kipindi cha baridi kwanza. Nairobi, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Njombe, tofauti kati ya mchana wa Desemba na ule wa Juni ni kama saa moja. Ndiyo maana mtu huagiza mbegu za aina ya kifahari kutoka Ulaya akapata kichaka kizuri cha kijani na maua ya kuhesabu. Mmea hauumwi, ila unangoja ishara ambayo kwetu ni hafifu. Hili linatatuliwa kwa kuchagua aina, na tutalifikia sasa hivi.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Miche, vipande vilivyogawanywa kutoka kichaka cha mtu, au mbegu
- Jembe, uma wa kulimia na koleo dogo la mkono
- Mboji au samadi iliyooza kabisa, ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba
- Matandazo: majani makavu, nyasi kavu zisizo na mbegu, au pumba za mpunga
- Keni ya kumwagilia yenye matundu madogo
- Mkasi wa bustani wenye makali, pamoja na spiriti ya kuufutia
- Kisu kikubwa au sepetu yenye makali, kwa siku ya kugawa kichaka
- Vijiti vya urefu wa mita moja na kamba laini ya katani, kwa aina ndefu
- Trei bapa yenye matundu chini, ikiwa unaanza na mbegu
- Glavu, ikiwa ngozi yako huwashwa na mimea ya jamii ya alizeti, maana deizi ni ya jamii hiyo

Mbolea ya viwandani sijaiandika, na sababu utaiona Hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Pata mmea ulio sahihi

Aina zinazopatikana kwa urahisi ni chache. Alaska ni ya kawaida, ua jeupe lenye kitovu cha njano, hufika sentimita 60 hadi 90 na huota vizuri kwa mbegu. Snow Lady ni fupi, sentimita 25 hadi 30, na huchanua mwaka uleule iliposiwa. Becky hufika karibu mita moja, ina mabua magumu yasiyolala ovyo na huchanua kwa muda mrefu, lakini haizaliani kwa uhakika kwa mbegu. Becky halisi hutokana na kugawa kichaka, kwa hiyo pakiti iliyoandikwa mbegu za Becky usiilipie bei ya Becky.

Kwa sisi tulio karibu na ikweta, anayeanza na mbegu aanze na Snow Lady, kwa sababu haingoji kupitia baridi ndipo ichanue. Hata hivyo, njia iliyo bora kuliko mbegu yoyote ni kuomba kipande cha kichaka kwa jirani ambaye umeona kwa macho yako kinachanua. Kikichanua kwake, kwenye mwinuko uleule na mvua zilezile, kitachanua na kwako.

Jihadhari na kuchanganya deizi na pareto. Maua yake yanafanana, na watu wengi wa nyanda za juu wamepewa pareto wakiambiwa ni deizi. Tazama majani. Jani la pareto limechanwachanwa hadi karibu na katikati na rangi yake ina ukijivu. Jani la Shasta ni zima, nene, la kijani kilichokoza, linang'aa kidogo, na ukingo wake una meno madogo. Ua la pareto pia ni dogo zaidi. La Shasta huenea kiganja cha mtoto.

Kitaluni, chagua mche mfupi wenye machipukizi kadhaa kuliko mrefu wenye ua moja la kuvutia. Mwombe muuzaji auinamishe na kuutoa kidogo kwenye mfuko. Mizizi iwe myeupe na mingi. Nusa udongo: ukinuka uchachu, mizizi imeanza kuoza, urudishe.

## Hatua ya 2: Chagua mahali, kisha pima shimo

Deizi inataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Chini ya hapo mabua hurefuka yakitafuta mwanga, huwa membamba na huanguka. Usipande chini ya ukingo wa paa. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye bati hupiga sehemu ileile siku nzima, na nimeona safu nzima ya deizi ikifa kwenye mstari huohuo wa matone huku zilizo hatua mbili mbele zikiendelea vizuri.

Sasa fanya mtihani ambao wengi huuruka. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huohuo. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Hesabu muda kuanzia kujaza mara ya pili.

Maji yakiisha ndani ya saa chache, udongo wako unapitisha maji vizuri na unaweza kupanda kwenye tuta la kawaida. Yakibaki hadi jioni, lazima uinue tuta. Yakilala humo hadi asubuhi, tafuta mahali pengine au panda kwenye chungu kikubwa chenye matundu. Mtihani huu ufanye udongo ukiwa na unyevu wa kawaida. Udongo uliokauka na kupasuka hunywa maji kwa kasi na utakudanganya.

## Hatua ya 3: Andaa tuta

Lima kina cha sentimita 30, ondoa mizizi yote ya magugu, hasa sangari, kwa sababu ikishajisuka ndani ya kichaka cha deizi huwezi kuitoa bila kung'oa kichaka chenyewe. Sambaza ndoo mbili za mboji kwa kila mita ya mraba, changanya, kisha inua tuta hadi sentimita 20 juu ya njia. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi usipunguze kimo hicho. Sehemu ya juu isiwe na bonde. Iinamishe kidogo kwenda kando ili maji yateleze.

Watu hupenda kumwaga karai mbili za mchanga kwenye udongo mzito wakidhani wanaulegeza. Mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi hukaza, na jua likipiga unapata kitu kigumu kama tofali. Kinacholegeza mfinyanzi ni mboji, tena msimu baada ya msimu.

Samadi mbichi nayo ni hatari. Huunguza mizizi michanga, huleta mbegu za magugu, na hulisha majani kwa nguvu mno. Samadi iliyo tayari haina joto katikati ya lundo, hainuki mavi, na huwezi kutambua tena nyasi alizokula ng'ombe.

Kama unaishi kwenye eneo la chai, kama Limuru au Mufindi, zingatia hili. Chai hupenda udongo wenye asidi nyingi, wa pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi zaidi) kati ya 4.5 na 5.5. Deizi inataka kati ya 6 na 7.5. Kwa hiyo udongo unaosifiwa kwa chai unaweza kuidumaza deizi hata ukiipa maji na mboji ya kutosha. Peleka udongo ukapimwe, au mwombe afisa ugani wa eneo lako akusaidie, kisha weka chokaa ya kilimo kwa kiwango utakachopewa, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ukikosa kipimo, konzi mbili za majivu ya kuni kwa mita ya mraba ni mwanzo usio na madhara. Majivu au chokaa usivimwage siku moja na samadi. Vikikutana, naitrojeni hupotea hewani.

Tuta likiwa tayari, mkono wako utazama hadi kifundo bila kulazimisha, na saa moja baada ya mvua hutaona dimbwi juu yake.

## Hatua ya 4: Kusia mbegu

Ukiwa na miche au vipande, ruka hadi Hatua ya 5.

Kosa linaloua mbegu nyingi ni kuzifukia. Mbegu ya deizi huota vizuri ikipata mwanga. Jaza trei kwa mchanganyiko mwepesi wa mboji iliyochekechwa na mchanga laini, loanisha, nyunyiza mbegu juu, kisha zibonyeze kwa ubapa wa kiganja ili zigusane na udongo. Ukipenda, pitisha vumbi la udongo juu yake, jembamba kiasi kwamba bado unaziona mbegu.

Funika trei kwa nailoni inayopitisha mwanga na uiweke kivulini penye mwangaza. Kwa joto la nyuzi 18 hadi 21 zitaota katika wiki mbili hadi tatu. Usimwagilie kwa juu, maana matone huzisukuma mbegu zote kona moja. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo hadi udongo wa juu ubadilike rangi, kisha uitoe. Zikichomoza, ondoa nailoni siku hiyohiyo. Ukichelewa, hewa nzito ya ndani huleta kinyausi: vimiche hukatika usawa wa udongo na kulala kwa makundi, na vilivyolala haviamki.

Vikipata majani halisi mawili hadi manne, hamishia kila kimoja kwenye mfuko wake. Vitoe polepole juani kwa siku saba hadi kumi, saa moja leo, mbili kesho, kabla ya kuvipeleka bustanini.

## Hatua ya 5: Kupanda bila kuzika shingo

Anza na tarehe. Kenya, kaskazini mwa Tanzania na kwingine kwenye misimu miwili ya mvua, panda mwanzoni mwa vuli, Oktoba. Mvua zake huwa nyepesi, na masika yakifika Machi mche una mizizi ya kujitegemea. Nyanda za Juu Kusini zenye msimu mmoja mrefu, panda mvua zinapopungua mwezi wa Aprili, udongo ungali na unyevu, kisha mwagilia wakati wa kiangazi. Usihofu baridi ya Njombe ya Juni na Julai. Mmea huu huvumilia hata nchi za theluji.

Kwa ndugu walio Uingereza, Kanada au majimbo ya kaskazini ya Marekani, panda majira ya kuchipua baada ya jalidi kupita. Huko nako, maji yanayotuama wakati wa baridi huua deizi nyingi kuliko baridi yenyewe, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu tuta yanawahusu.

Panda jioni au siku ya mawingu. Aina fupi ziachie sentimita 30 kati ya mche na mche, ndefu 45 hadi 60. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno siku ya kwanza, lakini usiibane. Baada ya mwaka kichaka kitaijaza, na hewa inayopita katikati ndiyo inayokausha majani baada ya mvua.

Sasa inua mche hadi usawa wa macho. Futa udongo wa juu kwa kidole gumba hadi uone pale vikonyo vya majani vinapojikusanya kwa chini. Utaona sehemu nene, ngumu kidogo, rangi yake imefifia, na ukichunguza utakuta vichipukizi vidogo kama ncha ya penseli vinaanza kusukuma pembeni. Chini kidogo ya hapo mizizi inaanza. Sehemu hiyo ndiyo shingo, na machipukizi yote ya baadaye hutokea hapo. Ikikaa ndani ya udongo wenye maji huoza, na mmea wote umekwisha.

Fuata mpangilio huu:

1. Chimba shimo lenye kina sawa na bonge la mizizi, upana mara mbili yake. Shimo likizidi kina, mche utadidimia baadaye.
2. Weka mche ndani, kisha laza kijiti juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo. Shingo iwe juu ya kijiti kwa takriban sentimita moja. Udongo utatulia ukishanyweshwa, na sentimita hiyo itakwisha yenyewe.
3. Rudisha udongo, bonyeza kwa vidole. Usikanyage kwa mguu. Utakaza udongo ulioulegeza na kuvunja mizizi.
4. Mwagilia lita mbili taratibu kwa kila mche.
5. Subiri dakika kumi, urudi kutazama. Udongo ukiwa umeteremka na kuifunika shingo, ufagie kwa vidole. Mizizi ikibaki wazi, iongezee udongo.

Na hapa pana tahadhari nzito kuliko zote katika mwongozo huu. Sisi tumelelewa na jembe la viazi na mahindi, na mkono wetu ukipalilia hupandishia udongo kwenye shina bila kufikiri. Kwa viazi ni sawa. Kwa deizi, palizi moja ya namna hiyo huzika shingo uliyoipanda vizuri. Kama kuna mtu anakusaidia bustanini, mwonyeshe kwa mkono mahali pa kuishia, maana kumwambia tu hakutoshi. Karibu na kichaka, palilia kwa vidole.

Mche ulioshika hulegea mchana wa siku mbili tatu za kwanza na kusimama tena usiku. Kati ya siku ya saba na ya kumi utaona majani mapya, madogo na yanayong'aa, katikati. Ukilegea asubuhi na mapema ilhali udongo una maji, fukua haraka utazame shingo.

## Hatua ya 6: Maji na matandazo

Mwezi wa kwanza mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki. Baada ya hapo, wakati wa ukame, mara moja kwa wiki inatosha: lita 25 hivi kwa mita ya mraba, kwa mkupuo mmoja unaozama. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na wiki ukisafiri mmea unakauka. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ahirisha.

Mwagilia asubuhi, chini, usiloweshe majani. Matandazo ya unene wa sentimita 5 hutunza unyevu na kuzuia mvua isirushe udongo kwenye majani ya chini. Acha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shingo. Matandazo yaliyoegemezwa kwenye shingo huiozesha sawa na udongo.

## Hatua ya 7: Mbolea kidogo

Mboji konzi mbili kuzunguka kila kichaka mwanzoni mwa mvua, basi. Usimwage mbolea ya yuria au CAN iliyobaki shambani. Naitrojeni nyingi hukupa majani mapana, mabua laini yanayoanguka, vidukari kwa mamia na maua machache. Deizi yenye kichaka kikubwa kisichochanua, licha ya kupata jua, mara nyingi imeshibishwa mno, au ni aina isiyofaa ikweta kama tulivyoona.

## Hatua ya 8: Kukata maua makuukuu

Hapa ndipo bustani mbili zenye miche ileile hutofautiana. Ua likiachwa lifanye mbegu, mmea hutumia nguvu zake huko. Likikatwa mapema, mmea huleta vitumba vingine.

Lijue ua lililokwisha kazi: petali nyeupe zimeanza kujikunja kwenda nyuma na kuchakaa kingoni, na kitovu kimefura, kimetoka njano safi kuelekea kahawia. Usikate kichwa peke yake, utabaki na msitu wa vijiti vikavu. Fuata bua kwa vidole kwenda chini hadi kwenye jani ambalo kwapani mwake kuna kitumba kipya au tawi dogo, ukate juu kidogo ya hapo. Bua likiwa tupu hadi chini, lishushe mpaka kwenye majani ya kitako. Pita mara moja au mbili kwa wiki, na futa mkasi kwa spiriti unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine.

Maua ya vasi yakate asubuhi, yakiwa yamefunguka kabisa, maana kitumba kilichokatwa kikiwa kimefumba mara nyingi hakifunguki ndani ya nyumba. Badilisha maji kila siku. Maua haya yana harufu isiyopendeza kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo yaweke sebuleni penye dirisha wazi au barazani.

Wimbi zima la maua likiisha, kata mabua yote yaliyochanua ubakize majani ya kitako, kimo cha sentimita 5 hadi 10. Wengi huogopa kukata hivyo. Kata tu, ndani ya wiki chache kichaka kitakuwa kimejaa majani mapya. Aina ndefu zifunge kwenye vijiti kabla hazijachanua, kwa fundo legevu. Bua lililokwisha kulala huota likiwa limepinda, na kulisimamisha baadaye hulivunja.

## Hatua ya 9: Ukiona dalili hizi

Vidukari, mara nyingi na sisimizi, kwenye mabua laini. Wapige kwa maji ya kasi asubuhi. Wakirudi, tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na makali katika lita moja ya maji, jioni, ukilenga chini ya majani.

Matundu yanayotokea usiku na njia za ute unaong'aa. Ni konokono, au koa wasio na gamba. Toka na tochi saa mbili usiku, waokote. Punguza matandazo yaliyo karibu na kichaka wakati wa mvua.

Michoro myeupe iliyopindapinda ndani ya jani. Ni funza wachimba majani. Chuma jani, lichome. Hawaui mmea.

Madoa ya kahawia kuanzia majani ya chini. Ni ukungu unaoletwa na majani kukaa yamelowa. Chuma yaliyoathirika, panua nafasi, acha kumwagilia kwa juu.

Vinundu vigumu, vinavyokwaruza, kwenye shingo au mizizi. Huu ni ugonjwa wa bakteria na hauna tiba. Ng'oa, choma moto, safisha zana. Mahali hapo usipande deizi wala waridi kwa miaka kadhaa, kwa sababu waridi nalo huupata.

Kulegea huku udongo ukiwa na maji. Shingo. Ukiwahi kukuta upande mmoja bado mgumu na wenye mizizi myeupe, ukate, utupe uliooza, kisha sehemu nzima uipande mahali palipoinuka.

## Hatua ya 10: Gawa kichaka kila miaka miwili au mitatu

Deizi ya Shasta huzeeka kuanzia katikati. Mwaka wa pili au wa tatu utaona kichaka kimefanya duara: pembeni kijani, katikati upara wa vijiti vya kahawia, na maua yamekuwa madogo. Wengi hudhani ni ugonjwa au udongo umechoka. Kinachotakiwa ni kukigawa. Asiyegawa anaweza kupoteza kichaka chote.

Fanya kazi hii mwanzoni mwa mvua, mmea ukiwa hauna maua. Walio nchi za baridi, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Usigawe katikati ya kiangazi wala mmea ukiwa umechanua.

Mwagilia siku moja kabla. Zungushia uma sentimita 15 nje ya kichaka, inua kwa kila upande hadi bonge lote linyanyuke, kisha tikisa udongo uone shingo zilivyopangana. Machipukizi mazuri yako ukingoni. Kwa kisu, kata vipande vyenye machipukizi matatu hadi matano na mizizi yake. Punguza majani kwa nusu ili kipande kisipoteze maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Vipande vinavyongoja vifunge kwenye gunia lililolowa, kivulini, na upande kabla ya jua kuzama kwa kufuata Hatua ya 5, kijiti kile kile juu ya shimo.

Kipande cha katikati kilichokauka kikiwa kigumu na hakinuki, kitupe kwenye mboji. Kikiwa cheusi na laini, kichome. Vipande vya ziada wape majirani, ukiwaandikia jina la aina na umri wa kichaka ulikotoa, na ukiwaonyesha kwa kidole mahali shingo ilipo.